Krismasi Chini ya Milima ya Ngong

Mtu asomaye vitabu vya Ulaya vinavyosimulia Krismasi hukuta humo theluji, moto wa kuni, na watu waliojifunika makoti mazito. Katika Karen, upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, mambo si hivyo. Desemba ndio mwezi ambao mvua za vuli, zile ambazo Wakikuyu wa kale waliziita mvua za mwere, hupungua na kukoma. Jua hurudi na nguvu zake, na katika siku za mashamba makubwa kahawa ilikuwa ikichumwa wakati huo huo. Sikukuu tuliyoletewa na wageni ilikuwa imezoea baridi, ikajikuta katika joto. Ilikuwa imezoea nyumba za watu wa imani moja, ikajikuta kati ya watu wa imani nyingi. Juu ya jambo la kwanza hatuna haja ya kusema mengi, maana jua halimzuii mtu kula sikukuu. Jambo la pili ndilo lenye kisa.

Tuitazame nyumba moja. Ni nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren, chini ya milima ya Ngong. Mwaka 1917 ilikaliwa na Bror Blixen na mkewe Karen, mwanamke kutoka nchi ya Denmark aliyefika Mombasa Januari 1914 na kuolewa huko huko. Mwaka 1931 shamba la kahawa lilishindwa kujilipia, likauzwa na kukatwa viwanja, na mtaa ukaota mahali pa mibuni. Nyumba ilibaki, na tangu mwaka 1986 ni makumbusho. Wanafunzi wengi wamekwisha kuitembelea wakaonyeshwa viti na meza. Mimi nataka kuwaonyesha watu waliosimama nyuma ya viti hivyo.

Mwenye nyumba alitoka katika ukoo ambao, upande wa mama, ulifuata madhehebu ya Wayunitariani, yaani Wakristo wasiolikubali fundisho la Utatu, wasemao kwamba Mungu ni mmoja tu asiyegawanyika. Yeye mwenyewe hakuwa mshika-dini kwa namna ya majirani zake Wazungu. Msimamizi wa nyumba yake, aliyeshika funguo na fedha na kupanga mambo ya wageni, alikuwa Farah Aden, Msomali na Mwislamu mwenye kushika swala na saumu yake. Mpishi aliyesifika kuliko wote alikuwa Kamante Gatura, kijana wa Kikuyu aliyekuja kuwa Mkristo. Kwenye karakana ya shamba palikuwa na mhunzi wa Kihindi, Pooran Singh. Na nje, katika vibanda vilivyotapakaa pembezoni mwa shamba, waliishi jamaa nyingi za Kikuyu ambao wengi wao bado walimwomba Ngai kama baba zao walivyomwomba, wakielekea Kirinyaga, na kuchinja kondoo chini ya mugumo mvua ilipochelewa. Basi hesabu mwenyewe, msomaji, ni milango mingapi ya sala iliyofunguka katika boma moja.

Kabla ya kuendelea ni lazima niseme neno juu ya ushahidi wetu. Karibu yote tuyajuayo ya nyumba hii yameandikwa na mwenye nyumba, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kiitwacho Out of Africa, na katika barua zake kwa jamaa zake wa Denmark. Farah hakutuachia kitabu. Kamante alipata nafasi ya kusema mwaka 1975, masimulizi yake yalipochapishwa akiwa mtu mzima. Mwanafunzi wa historia anayesoma habari za karamu zilizoandikwa na aliyekaa mezani na ajiulize daima aliyekuwa jikoni angeziandikaje.

Jikoni, basi, ndiko tuanzie. Kamante alipika vyakula vya Kizungu kwa ustadi uliowashangaza wageni wakubwa wa Nairobi, lakini mwenyewe hakuvipenda. Kwake yeye kiazi kitamu kilichochomwa kilipita mapishi hayo yote. Hakuyakariri majina ya Kifaransa ya michuzi. Kila mchuzi aliupa jina la jambo lililotokea siku ile alipofundishwa kuutengeneza: mmoja uliitwa kwa radi iliyopiga mti, mwingine kwa farasi wa kijivu aliyekufa. Kwa hiyo karamu ya Wazungu ilipoandaliwa kwa majina ya Kifaransa, kichwani mwa mpishi ilikuwa ni kumbukumbu za shamba, za mvua na wanyama na misiba. Jambo hili huchekesha, na bibi mwenye nyumba alilisimulia ili lichekeshe. Lakini lina maana. Chakula kilikuwa kimoja, na kila mmoja alikijua kwa njia yake.

Nyama ilikuwa na sheria kali zaidi. Mwislamu hali nyama ya mnyama asiyechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nyama hiyo kwake ni kibudu, hata ingekaangwa kwa samli ya namna gani. Wakikuyu wa zamani nao walikuwa na miiko yao, na wengi hawakula nyama ya mwitu. Nyumba iliyo na watu kama hao haiwezi kusherehekea kwa kusema tu kwamba sote ni ndugu, njoni tule. Lazima mtu ajue nani achinje, chungu kipi kitumike, na nani asiletewe sahani fulani asije akaona haya kuikataa. Ujuzi huu haukuandikwa katika katiba yoyote. Ulikaa katika vichwa vya watu kama Farah, na nathubutu kusema kwamba amani ya nyumba ilitegemea ujuzi huo kuliko ilivyotegemea hotuba za upendo.

Hata kufahamiana kwa Farah na bibi yake kulianzia katika majira haya ya mwaka. Karen Dinesen, kabla hajaolewa, aliondoka Napoli katikati ya Desemba 1913, na Krismasi ya mwaka ule ilimpita safarini. Farah alitumwa kwenda kumlaki Aden. Kwa hiyo wawili hao walikutana katika mji wa Waislamu, siku ambazo Mkristo huwakumbuka jamaa zake kuliko siku nyingine zote, na tangu hapo walikaa pamoja karibu miaka kumi na minane.

Sasa tuje kwenye mkesha wenyewe. Mapadri wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefika Nairobi mwaka 1899 na kuanzisha misheni ya Mtakatifu Austin; hao ndio waliokuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda kahawa katika nchi hii ya juu. Bibi wa Ngong hakuwa Mkatoliki, lakini mapadri walikuwa rafiki zake, na usiku wa Krismasi alikwenda kwao kusikiliza Misa. Katika kitabu chake anasimulia habari za pango la Noeli lililofika kutoka Paris. Mlikuwa na jamaa takatifu, nyota katika mbingu ya buluu, na wanyama wa kuchezea wapatao mia, ng'ombe wa mti na wana-kondoo wa pamba nyeupe, wakubwa kwa wadogo bila kujali kimo cha nani kilingane na cha nani. Wakikuyu waliolitazama pango lile walikuwa wafugaji. Sidhani kuna watu Ulaya waliolielewa hori lile upesi kuliko wao: mtoto amezaliwa zizini, na mifugo imesimama kando. Kwao halikuwa fumbo.

Lakini si kila Mkristo wa shamba aliingia katika kanisa hilo kwa moyo mweupe. Kamante hakuwa mtoto wa mapadri. Alikuwa mgonjwa wa vidonda miguuni, akalazwa katika hospitali ya Misheni ya Waskoti huko Thogoto kwa muda wa miezi mitatu, akarudi nyumbani asubuhi ya Pasaka akiwa amepona, na baadaye akamwambia bibi yake kwamba sasa yeye ni kama yeye, yaani ni Mkristo. Waskoti waliwafundisha wafuasi wao kuziogopa sanamu. Mapadri nao walikuwa na sanamu ya Bikira Maria mbele ya macho ya watu wote. Watu wa misheni hizi mbili walikuwa na kitabu kimoja kitakatifu na Krismasi ya tarehe moja, na hata hivyo kila upande ulimtazama mwenzake kwa shaka. Ni jambo la kufikiri sana, kwamba katika boma lile Mkristo aliweza kumwogopa Mkristo mwenzake zaidi ya alivyomwogopa Mwislamu aliyempimia sukari kila asubuhi.

Na Uislamu wenyewe si mgeni wa habari ya siku hii. Qurani ina sura nzima, ya kumi na tisa, iitwayo kwa jina la Maryamu, na ndani yake kuna habari za kuzaliwa kwa Nabii Isa karibu na shina la mtende. Mwislamu humheshimu mtoto huyo kama nabii, wala hamwiti mwana wa Mungu; hapo ndipo njia zinapoachana, wala hapana adabu itakayozirudisha kuwa moja. Tena mwaka wa Kiislamu huhesabiwa kwa mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo sikukuu zake huzunguka majira yote katika muda wa miaka thelathini na mitatu hivi. Ukihesabu utaona kwamba mwaka ule ule wa 1917, mwaka wa kwanza wa akina Blixen katika nyumba ya mawe, tarehe kumi na mbili ya Mfungo Sita, siku ya Maulidi ya Mtume, iliangukia siku ya pili ya Krismasi au karibu sana na hapo. Mazazi mawili yalikutana katika juma moja. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2015, siku ya Maulidi ilipokuwa ndiyo mkesha wa Krismasi.

Mambo haya hayakuzaliwa Ngong. Pwani yalikuwa yakijulikana tangu zamani, na mfano ulio wazi ni kanisa kuu la Waanglikana huko Unguja. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, mwaka ambao Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na kanisa likajengwa mahali pa soko lenyewe. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi ya mwaka 1877 ibada ya kwanza ilifanyika humo, chini ya Askofu Edward Steere, yule yule aliyetuandikia sarufi ya Kiswahili. Ama saa ya mnarani ilikuwa ni zawadi ya Sultani, na inasimuliwa kwamba alitoa sharti moja tu, kwamba mnara usipite urefu wa jumba lake. Wengine hulicheka sharti hilo wakiliona ni kiburi cha mfalme. Mimi naliona ni la haki. Mtawala wa Kiislamu alitoa saa ya kuwahesabia Wakristo nyakati za sala zao, na papo hapo akasema mpaka wake uko wapi. Aliyepewa alijua amepewa nini na hakupewa nini.

Turudi Karen, kwa kuwa hapo pana jambo ambalo haifai kulifunika. Farah na Kamante walikuwa watumishi. Jamaa za Kikuyu waliokaa shambani waliitwa maskwota, yaani watu waliokaa kwa idhini juu ya ardhi ambayo kwa sheria ya serikali ya kikoloni haikuwa yao, na amri ya mwaka 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mtu wa namna hiyo akialikwa kwenye sikukuu ya bwana wake, je, anaweza kusema haji? Mkono utoao ndio ulio juu, na zawadi ya mkono ulio juu huwa na uzito. Bibi yule alikuwa na heshima kwa dini za watu wake kuliko walowezi wengi wa wakati wake; hilo twampa. Lakini kalenda iliyosimamisha kazi shambani ilikuwa ni yake. Wasomaji wanaoisifu nyumba ile kuwa ni kielelezo cha udugu wa dini huwa wamesahau kumwuliza mtu wa kibandani.

Siku za mwisho za shamba zilionyesha pia jinsi nyumba za Wakikuyu wenyewe zilivyoweza kupasuka. Mwaka 1929 Misheni ya Waskoti, chini ya Dr. John Arthur, iliwataka waumini waweke ahadi ya kuacha tohara ya wasichana. Waliokubali na waliokataa waliachana, mara nyingine baba upande huu na mwana upande ule. Wengi walitoka katika makanisa na shule za misheni, na shule na makanisa ya kujitegemea yakakua kutokana na mgogoro huo. Tohara ya wasichana imekatazwa na sheria ya Kenya leo, na ni haki ikatazwe. Nataja ugomvi ule kwa sababu nyingine: imani ilipoletwa kwa hati ya kutia alama ya kidole, na ada na elimu na kanisa vikafungwa katika fundo moja, watu wa damu moja waliacha kushirikiana ibada. Hapakuwa tena na nafasi ya mtu kukaa mlangoni, akatazama pango la Noeli kwa shaka, kisha akarudi nyumbani na imani yake.

Baada ya uhuru nafasi hiyo imewekwa katika sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 8, yasema kwamba Kenya haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 chamlinda kila mtu katika dhamiri na imani yake, wala hakimsahau asiyekuwa na dini. Watu hao si wachache: katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 waliojiandikisha kuwa hawana dini walipita 750,000. Krismasi na Idd ul-Fitr ni siku za mapumziko kwa wote, na sheria inataja Idd ul-Azha kwa Waislamu na Diwali kwa Wahindu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo imezikusanya pamoja ndoa za Kikristo, za serikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Kwa hiyo mume na mke wa dini mbili wana mahali pa kuandikisha ndoa yao, na wengi huenda kwa msajili wa serikali.

Lakini msajili hawezi kuwaambia Desemba wafanye nini. Katika chuo ninakofundisha ualimu, nimewasikia vijana wa nyumba kama hizo wakieleza desturi zao, na desturi hizo ni nyingi kuliko nilivyotazamia. Kuna nyumba ambamo baba Mwislamu hununua mbuzi wa Krismasi na kumchinja kwa mkono wake, ili wote waweze kula. Mama Mkristo hupika pilau siku ya Idd, na watoto hutumwa na sahani zilizofunikwa kwa kitambaa kwenda kwa majirani. Kuna nyumba ambamo bibi mzaa mama pekee ndiye aendaye kanisani, na wengine wasio na dini humsindikiza hadi mlangoni, wakamngoja nje na kurudi naye kwa chai na chapati. Kuna nyumba nyingine ambamo hapafanywi lolote, kwa sababu mmoja anaona kwamba kuadhimisha kwa mdomo jambo asiloliamini ni kumdharau anayeliamini. Huyo wa mwisho hulaumiwa na jamaa kwamba ana roho ngumu. Mimi namheshimu sana, maana hataki kuifanya ibada ya mwenzake kuwa mchezo.

Mgogoro mkubwa, wote walikubaliana, hauwi juu ya chakula. Huwa juu ya watoto. Mtoto aitwaye kuimba katika kwaya ya Krismasi, ambaye nyanya yake wa upande mmoja atafurahi na babu wa upande mwingine atanyamaza kimya siku tatu, amebeba mzigo ambao Farah na Kamante hawakuubeba. Wao walikuwa watu wa nyumba moja bila kuwa wa ukoo mmoja. Jioni kila mmoja alirudi kwa wake. Mtoto huyu hana pa kurudi palipo mbali na hapo, kwa kuwa pande zote mbili ni kwao. Jamaa zilizofaulu, kwa nilivyosikia, ni zile zilizosema mapema, kabla ya harusi, nani atamfundisha mtoto nini, na mtoto atakapokuwa mkubwa ana ruhusa ya kukataa lipi. Zilizongoja mpaka juma la Krismasi zikagombana juma la Krismasi.

Na kalenda haitawasubiri. Kwa hesabu ya mwezi, Krismasi ya mwaka 2031 na ile ya mwaka 2032 zitaangukia ndani ya Ramadhani. Katika nyumba za dini mbili, Nairobi na kwingineko, mbuzi atachinjwa asubuhi, mama atarudi kutoka kanisani saa sita na njaa yake, na baba atakuwa amefunga. Itawabidi waamue kama watakula mchana kwa zamu, au watangoja wote mpaka adhana ya magharibi, chakula cha Krismasi kiwe ndicho futari.